Skima ya tangi la maji chumvi: kazi inapiga, ila kitabu chake kimeniponza

Nina tangi la lita 600 na samaki tisa, wawili kangaja ambao ni walafi balaa, hii skima, yaani kifaa cha kutoa uchafu wa maji kwa povu, nimeitumia miezi minane sasa kwa hiyo naiongelea kwa kuijua.

Kazi yake kwanza. Pampu inavuta maji na hewa pamoja, inasaga hewa kuwa viputo vidogo kama maziwa, uchafu unanata humo unapanda na povu mpaka kikombe cha juu. Haiondoi naitreti yenyewe eti, inatoa kinyesi na mabaki kabla hayajaoza yakawa amonia, ambayo mwishowe hugeuka naitreti, ndo maana naitreti yangu imeshuka toka 40 hadi 15 taratibu, na bado kila wiki nabadilisha maji asilimia 10, usije ukadhani ukishanunua skima umemaliza.

Sasa kilichoniudhi. Kitabu cha maelekezo kinasema weka ndani ya tangi la chini, lile dogo la kuchujia maji kabatini, washa, basi. Hakisemi popote kwamba inataka maji ya kina cha sentimita 20 na kisipande kisishuke! Langu lina 26, na kina kikizidi povu linapanda na maji. Na skima mpya siku za mwanzo povu lake halina adabu, inabidi izoee kwanza. Mimi nikaunganisha mpira wa kutolea uchafu kwenye ndoo nikalala zangu. Usiku povu likageuka maji matupu, ndoo ikajaa ikamwagika, na kile kifaa cha kujazia maji kikaona kina kimeshuka kikawa kinaongeza tu maji yasiyo na chumvi, lita 25 zote za dumu lake. Asubuhi nimeshtushwa na soksi zimelowa. Napima chumvi kwa uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu, 1.025 imekuwa 1.024. Bahati dumu liliisha, lingekuwa kubwa ningekuwa naongea mengine hapa, maana matumbawe hayana mzaha na chumvi kupanda na kushuka.

Dawa yake ilikuwa rahisi hadi aibu, kipande cha plastiki cha sentimita 6 chini ya skima, tangu hapo imetulia.

Kelele hakuna, pampu hata huisikii mlango wa kabati ukifungwa. Ile "mpaka lita 1000" iliyoandikwa kwenye boksi isome kama una samaki wawili watatu, kwa walaji kama wangu 600 ndo mwisho wake. Shingo ya kikombe ifute kila baada ya siku mbili, ikishika utando wa mafuta povu halipandi. Pampu nailoweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu kila miezi mitatu, chokaa inang'oka yenyewe. Ukiingiza mkono una losheni, au ukiwalisha chakula cha kugandisha, povu linazimika masaa kadhaa, usianze kuzungushazungusha valvu kama nilivyofanya mimi, liache litarudi.

Naipa skima nyota nne, ya tano ameila mwandishi wa kitabu. Mpira na ndoo nimetupa kule, kikombe namwaga kwa mkono, na hiyo harufu jamani, mama watoto kashaniambia sinki la jikoni nisilisogelee.