Uzoefu wangu na shirika lililomsomesha binti wa marehemu dada yangu

"Elimu si bure siku hizi? Unahangaika na nini?" Maneno hayo niliyasikia sana Januari 2021, binti wa marehemu dada yangu alipopangiwa kidato cha kwanza shule ya kata. Ni kweli ada ilifutwa tangu Januari 2016. Lakini ada yenyewe kwa mwanafunzi wa kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kilichoninyima usingizi ni fomu ya kujiunga: sare, viatu, madaftari, mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Zaidi ya hayo, kulikuwa na kilomita tisa za kwenda na tisa za kurudi, kwa miguu, mtoto wa miaka kumi na minne akitoka nyumbani giza halijaondoka.

Ndipo nikaambiwa kuna shirika linalofadhili watoto wa sekondari wasio na uwezo. Jina lake naliacha kwa makusudi. Ni shirika dogo, wanafunzi wake wanajulikana mmoja mmoja, nami sitaki kumwanika binti.

Walioamua nani apate hawakutoka ofisini mjini. Ilikuwa kamati ya hapa hapa kijijini: mtendaji, mkuu wa shule, wazazi kadhaa. Majina yalisomwa kwenye mkutano wa hadhara, kila mtu akisikia. Nilipenda hilo, maana kijijini tunajuana. Mwenye ng'ombe ishirini hawezi kusimama mbele ya majirani akasema hana kitu. Kilichonitesa ni karatasi. Barua ya mtendaji niliipata siku moja, cheti cha kifo cha dada nilikuwa nacho, ila cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilinichukua karibu miezi miwili. Wewe unayelea mtoto wa ndugu, kianze sasa, usingoje nafasi itangazwe.

Walilipia hosteli ya shule, sare, vifaa, chakula na taulo za kike. Taulo nazitaja waziwazi, kwa sababu kabla ya hapo binti alikuwa anakosa masomo siku tatu au nne kila mwezi, na mimi mwenyewe niliyemlea sikuwa nimeling'amua. Alinieleza baada ya kuanza kuzipata.

Lakini nikiulizwa ni kitu gani hasa kilimfikisha kidato cha nne, nitasema ni mwalimu mlezi. Shirika huchagua mwalimu mmoja wa kike pale shuleni awafuatilie wasichana wanaofadhiliwa. Utaratibu wa namna hii upo pia CAMFED, shirika lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 kwa kusomesha wasichana 32 na ambalo sasa lipo hata hapa Tanzania. Mwaka 2023 binti akiwa kidato cha tatu, nilifanyiwa upasuaji. Alikuja kuniona mwisho wa wiki, akawakuta wadogo zake hawana wa kuwapikia, akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki. Wiki ikapita. Asubuhi moja nikasikia pikipiki imesimama uani. Ni yule mwalimu mlezi.

"Pole na kuugua, mama. Nimemfuata mwanangu, leo siku ya sita simwoni darasani."

Hakugomba. Alikaa kwenye mkeka, akauliza nani anaweza kuwaangalia wadogo, akaenda mwenyewe kuongea na jirani yangu na mjumbe mmoja wa kamati. Jumatatu binti alikuwa darasani. Nimewaona wenzake wawili, wenye akili kumzidi, walioacha shule hivyo hivyo bila ugomvi wala tangazo: wiki moja, kisha mwezi, kisha basi.

Mabaya nayo yapo. Pesa ya hosteli ilichelewa kila Januari. Mwaka mmoja ilifika mwishoni mwa Februari, nikakopa kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ili mtoto asirudishwe nyumbani, na riba niliilipa mwenyewe. Shirika linajua shule hufungua Januari, halina sababu ya kushtukizwa kila mwaka.

La pili liliniuma zaidi. Walikuja wageni wafadhili, binti akasimamishwa mbele yao aeleze mama yake alivyofariki, huku wakimpiga picha. Usiku ule hakulala. Nilipiga simu ofisini, nikawaambia kwamba msaada si bei ya kununua machozi ya mtoto. Walinisikiliza, nawapa haki yao. Tangu hapo mlezi wa nyumbani huulizwa kwanza, na mtoto akikataa kusimulia haulizwi tena.

Ukiniomba nyota, nawapa nne kati ya tano. Ile ya tano wataipata siku pesa itakapofika kabla shule hazijafunguliwa. Na kwa anayetaka kuchangia mashirika ya namna hii: usiulize tu wanalipia wanafunzi wangapi. Uliza nani anajua mtoto asipofika darasani Jumatano, na anachukua siku ngapi kubisha hodi nyumbani kwao.

Binti alifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2024, na Julai 2025 akaripoti kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine. Ufadhili uliishia kidato cha nne, na ada ya kidato cha tano na sita nayo imeshafutwa. Godoro na nauli nilivibeba mimi. Ndoo alinunuliwa na yule mwalimu.