Garmin inReach Mini 2 ndani ya korongo: tathmini kwa wanafunzi wanaojiandaa na msafara wa kayaki

Kundi la wanafunzi linalokwenda kuteremka mto wa mbali ng'ambo, kusiko na mnara wa simu, litenge fedha za kifaa cha setilaiti mara tu baada ya kofia, jaketi la kuokolea na kamba za kurushia. inReach Mini 2, iliyotoka mwaka 2022, ndiyo tunayoipendekeza. Ila ielewe ilivyo: imebuniwa zaidi kwa watembea milimani, na makosa mengi ya kuitumia mtoni hufanyika nyumbani kabla hata mizigo haijafungwa.

Kina gramu 100 na kinaingia kiganjani. Kinatumia mtandao wa Iridium, kinatuma na kupokea ujumbe wa herufi 160, kinaacha alama za mahali ulipo, kinaleta utabiri wa hali ya hewa, na kitufe chake cha SOS kinafika kituo cha Garmin Response kinachofanya kazi saa 24. Kuandika kwa vitufe vyake ni adhabu, maana unachagua herufi mojamoja kwenye skrini ndogo. Ukiunganisha na simu kwa Bluetooth, kazi inakuwa nyepesi. Hata hivyo kila mwanakundi ajifunze kuandika kwa vitufe, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kufa kwenye maji makali.

Sasa tufike kwenye maji. Kiwango chake ni IPX7, yaani kinahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30 katika maji yaliyotulia. Mtu aliyetoka kwenye kayaki na kuzungushwa chini ya poromoko yuko mbali sana na maji yaliyotulia, na mgandamizo unaweza kupita kiwango hicho. Kitie kwenye kipochi chembamba cha plastiki kisichoingiza maji, halafu kwenye mfuko wa kifuani wa jaketi. Usikifungie ndani ya kayaki: ukitoka, mashua huenda zake na SOS yako. Kisanduku cha chuma kinaziba mawimbi ya redio, kwa hiyo hakifai kutumia humo ndani. Kamba ya kukishikilia iwe fupi, isitokeze nje ya mfuko, isije ikanasa kwenye tawi au mwamba wakati wa kuogelea. Tundu la USB-C liwe kavu kabisa kabla ya kuchaji. Likiwa na unyevu, pini za ndani huliwa na kutu na chaji haiingii tena.

Udhaifu mkubwa uko kwenye korongo lenyewe. Iridium ina setilaiti 66 katika njia 6, kila njia ikiwa na setilaiti 11 zinazopita karibu na ncha za dunia kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, na kila moja humaliza mzunguko kwa takriban dakika 100. Hii ina maana yake mtoni. Korongo likielekea mashariki na magharibi, utepe wa anga ulio juu yako hukatwa na setilaiti moja kila baada ya dakika kama 9, kwa muda mfupi. Ujumbe hutoka, ila kwa kusubiri. Likielekea kaskazini na kusini, ama njia ya setilaiti iko juu yako na mambo yanakwenda vizuri, ama haipo na unakaa kimya mpaka dunia izunguke. Hali hii ya pili ni mbaya zaidi kwenye nchi zilizo karibu na ikweta, ambako njia hizo zimeachana sana. Kwa vyovyote, anayetoa kifaa, akatuma, akakirudisha mfukoni baada ya dakika mbili hajatuma kitu. Kiweke juu ya jiwe lililo wazi, antena ikitazama juu, mbali na mwili uliolowa, na ukiache kwa dakika 20 au zaidi mpaka skrini ithibitishe. Kambi ya usiku ndiyo nafasi nzuri ya kazi hii.

Betri ni nguvu yake. Mtengenezaji anataja hadi siku 14 kwa alama ya mahali kila dakika 10 chini ya anga wazi, na hadi siku 30 kwa alama kila dakika 30. Korongoni na msituni usitarajie hivyo, kwani kifaa hujaribu tena na tena kutuma kinaposhindwa. Weka dakika 30, kizime usiku baada ya kutuma ujumbe wa kambi, na beba betri ya akiba ya mAh 10,000 (takriban Wh 37). Kwenye ndege iwe kwenye mzigo wa mkononi, kamwe isiwekwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Maandalizi ya nyumbani yanataka jioni nzima. Jumbe tatu za haraka ziandikwe na kusawazishwa kwenye kifaa kabla ya kuondoka: "Tumefika kambi, wote salama", "Tumesimama, si dharura, tutachelewa", "Tumetoka mtoni, gari lije". Mpokeaji awe na barua pepe pamoja na namba ya simu, kwa kuwa baadhi ya mitandao haifikishi SMS zinazotoka kwenye vifaa hivi. Jaribuni na mpokeaji halisi, asome na ajibu. Mpokeaji huyo aachiwe karatasi yenye namba za pasipoti, makundi ya damu, namba ya bima, sehemu za kuingilia na kutokea mtoni, na saa mliyokubaliana kwamba kimya kikiipita ndipo apige simu. Bila saa hiyo, betri iliyokufa inaweza kuita helikopta bure.

Kubalianeni pia namna moja ya kuandika mahali. Ukisoma nyuzi 28 na dakika 30 kama 28.30, umekosea kwa kilomita 22 hivi. Na ujumbe unaofuata SOS ueleze jeraha, ukingo gani wa mto ukitazama maji yanakoelekea, na kama kuna uwanja wa helikopta kutua.

Kuhusu bima, tusifichane: malipo ya mwezi ya kifaa hayalipi uokoaji. Kituo hupokea wito na kuwasiliana na mamlaka za nchi husika, basi. Huko Nepal, kwa mfano, helikopta haiondoki kirahisi bila mtu wa kuhakikisha malipo. Bima nyingi za wasafiri huwatenga wapiga kayaki kwenye maji makali ya daraja la IV na V, hivyo soma vipengele vya kutengwa kabla ya kusoma bei.

Halafu sheria. India inakataza kuingia na vifaa vya setilaiti vya aina hii bila kibali cha idara ya mawasiliano, na wasafiri wamekamatwa viwanja vya ndege wakiwa navyo. Kwa kundi linalotamani mto Siang kule Arunachal Pradesh, kibali hicho ni kazi ya miezi kabla. Hata wanaokwenda Nepal waangalie tiketi: kulala Delhi na kupita forodha na kifaa begani ni kujitafutia kesi.

Kifaa kimoja hakitoshi kundi la watu wanne au zaidi. Kingine kiwe kwa mtu wa nyuma, na kama fedha ni haba, kiwe PLB (kifaa kidogo cha kutoa wito wa dharura tu) ya masafa ya 406 MHz: haina malipo ya mwezi, hutoa wito wenye nguvu kwa angalau saa 24, ila haipokei ujumbe, na lazima isajiliwe kwanza. SOS ya setilaiti kwenye simu mpya haifanyi kazi katika nchi zote, kwa hiyo isiingie kwenye hesabu hadi mhakikishe nchi mwendako imo.

Wanafunzi wengi hununua cha mkono wa pili, na hakuna ubaya. Ila mwenyewe wa zamani akiondoe kwanza kwenye akaunti yake mkiwa mnatazama, kwani kisipoondolewa hutaweza kukisajili, na kifaa kisicho na kifurushi kinachofanya kazi hakitumi hata SOS.