Corsair CX550 na kompyuta inayojizima: inunue baada ya kupima, si kabla

Kompyuta nyingi zinazounganishwa nyumbani hapa Kampala hupangwa kwa mtindo mmoja. Pesa inamalizikia kwenye prosesa na kadi ya grafiki, halafu kinachobaki kinanunua kasha la bei nafuu ambalo tayari lina pawa saplai ndani, yaani kifaa kinachogawia sehemu zote za kompyuta umeme. Mashine inawaka, Windows inaingia, mwenyewe anafurahi. Kisha siku anafungua mchezo mzito, kompyuta inazimika ghafla kama taa ya sebuleni. Haitoi skrini ya buluu wala onyo lolote. Corsair CX550 ni pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze (alama ya ufanisi wa kutumia umeme), na kwa mashine ya kawaida ya michezo au ya kuhariri video naipendekeza bila kusita. Lakini haitibu kila ugonjwa wa kujizima.

Tuanze na ile iliyokuja na kasha. Fungua skurubu nne za nyuma zinazoishikilia kwenye kasha, igeuze, usome kibandiko. Juu kuna 500W kwa maandishi makubwa. Chini yake, kwenye jedwali dogo, tafuta mstari wa +12V, maana prosesa na kadi ya grafiki zote hula kutoka laini hiyo. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12: unapata wati 216. Hizo ndizo wati zako za kweli. Zilizobaki zimepatikana kwa kujumlisha laini za volti 3.3 na 5, ambazo kompyuta ya siku hizi inazitumia kidogo tu. Sasa chukua prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo TDP yake (makadirio ya mzigo wake) ni wati 65, na kadi ya grafiki ya RTX 3060 ya wati 170. Tayari ni 235, na hujahesabu feni, diski wala madabodi (bodi kuu). Tena kadi hizi haziombi umeme kwa upole: kwa milisekunde chache hurusha mahitaji juu sana ya kiwango kilichoandikwa. Pawa saplai dhaifu hapo hujifunga ili isiungue, au volti inaporomoka na mashine inazima. Ndiyo sababu Nvidia inapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo.

Kibandiko cha CX550 kinasema ampea 45.8 kwenye volti 12. Zidisha: 549.6. Yaani karibu nguvu yote iliyoandikwa kwenye boksi inapatikana pale inapohitajika, na hilo peke yake linatosha kueleza tofauti ya bei.

Tofauti nyingine unaiona kwa macho na mkono. Pawa saplai ya bure ni nyepesi mno, na waya zake ni nyembamba. Soma maandishi madogo kwenye ganda la waya: 18AWG ni unene unaofaa, ilhali 20 au 22 ni wembamba zaidi, kwa kuwa namba ikipanda waya unapungua. Nyingi hazina plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiki, kwa hiyo fundi anaweka adapta kutoka plagi za Molex, zile za zamani za pini 4. Ikague adapta hiyo. Ukiona plastiki nyeupe imegeuka kahawia kuzunguka pini ya waya wa njano, au ukinusa harufu ya plastiki iliyoungua, usiwashe tena mashine hiyo. Pini 8 zinatakiwa kubeba hadi wati 150, na kiungo kilicholegea cha Molex hakiwezi mzigo huo kwa muda mrefu.

Sasa kupima. Angalia kwanza mashine inazimika lini. Ikiwaka kisha ikafa baada ya sekunde nne hivi, kila mara muda uleule, shuku kitufe cha kuwashia. Kitufe kilichokwama ni sawa na mtu aliyekishikilia kwa kidole, na madabodi inatii kwa kuzima. Chomoa waya ulioandikwa POWER SW, gusanisha pini mbili za madabodi ulipokuwa umechomekwa kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde, uone kama mashine itabaki hai. Ikibaki, umepona bila kununua kitu.

Ikizimika ndani ya dakika chache hata ukiwa kwenye BIOS tu (menyu ya mipangilio kabla ya Windows), shuku kwanza joto la prosesa. Feni za Intel za kusukuma na kubana zina miguu minne ya plastiki, na mguu mmoja usioingia mpaka ukalia unatosha kuinua sinki (chuma cha kupoza prosesa) upande mmoja. Wengine husahau kubandua karatasi ya plastiki chini ya sinki. Na kwenye nyumba zilizo kando ya barabara ya murram, vumbi jekundu hujaza mapezi ya sinki hadi hewa isipite. Lipulize kwa hewa, ukiwa umezuia feni isizunguke, kisha paka grisi mpya ya joto kiasi cha punje ya njegere.

Ikizimika kwenye mzigo tu, inaweza kuwa joto au umeme, na hapa ndipo watu hununua vitu kwa kubahatisha. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti, washa kurekodi kwenye faili, kisha endesha jaribio la Power la programu ya OCCT, ambalo linabebesha prosesa na kadi ya grafiki kwa pamoja. Mashine ikishazimika, fungua faili usome mistari ya mwisho. Kikomo cha Ryzen 5 5600 ni nyuzi 90, cha Core i5-12400 ni nyuzi 100. Kama prosesa ilikuwa nyuzi 95 kwenye hiyo Intel, safisha na upake grisi kwanza. Kama ilikuwa 68 na kadi ya grafiki 70, achana na joto, geukia umeme.

Multimita (kipima umeme) ya kawaida inatosha. Iweke kwenye DC 20, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya Molex iliyo wazi, nyekundu kwenye ule wa njano, mashine ikiwa imewaka. Kiwango kinachokubalika ni volti 11.40 hadi 12.60. Kwa waya mwekundu ni 4.75 hadi 5.25. Anzisha jaribio na utazame kioo: pawa saplai nzuri itacheza kidogo tu, mbovu itateremka 11.8, 11.5, 11.2, kisha kimya. Ukiona hivyo umeshapata mwizi. Lakini namba ikibaki nzuri, usiitangazie usalama, kwa sababu multimita haina kasi ya kuona mshuko wa milisekunde. Hapo jaribu njia nyingine: kama prosesa yako ina grafiki za ndani, zima, chomoa kadi, kisha utumie mashine saa moja kwa mzigo. Isipozimika tena, inaelekea mzigo wa kadi ndio ulioishinda pawa saplai.

Kuna mafundi wanaofungua orodha ya matukio ya Windows, wanaona Kernel-Power 41, wanatamka hukumu papo hapo kwamba pawa saplai imekufa. Tukio hilo linasema tu kuwa Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Hata mtoto akichomoa plagi ukutani, litaandikwa hilohilo.

Na usisahau ukuta wenyewe. UPS (betri ya akiba) ya 650VA kwa kawaida inabeba chini ya wati 400, na ukiongeza skrini na spika, inaweza kuzidiwa papo hapo umeme unapokatika. Inapiga kelele, kila kitu kinazima, lawama zinaiangukia kompyuta. Ichomeke mashine moja kwa moja ukutani kwa siku mbili. CX550 nayo haina uchawi hapa: pawa saplai yoyote hushikilia umeme kwa milisekunde kumi na kitu tu, kwa hiyo umeme ukipepesa zaidi ya hapo, bila UPS mashine itazimika.

Faida moja kubwa kwetu ni kwamba inapokea volti 100 hadi 240 yenyewe. Nyingi za bei rahisi zina swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma. Kwa umeme wetu wa 240, swichi hiyo ikisogezwa 115 ni mlipuko na moshi mara tu unapowasha.

Kufunga si kazi ngumu. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kumaliza chaji iliyobaki. Feni ielekee chini kama kasha lina matundu na chujio chini, ila kama kasha linakaa juu ya zulia, igeuze juu. Plagi ya prosesa imegawanyika 4+4, ya kadi ya grafiki ni 6+2. Zinafanana rangi, na hazibadilishani; isipoingia kwa wepesi, usiilazimishe. Ile ya zamani usiifungue kutafuta kapasita iliyovimba. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ikiwa imechomolewa.

Kasoro zake zipo. Nyaya zote zimefungwa moja kwa moja, kwa hiyo kwenye kasha dogo utahangaika kuficha usizotumia. Ukitaka zinazochomoka, tafuta yenye herufi M mwishoni. Kwa RTX 3070 haitoshi, Nvidia inataka 650. Waranti ni miaka 5, lakini kabla ya kulipa muulize muuzaji: "Ssebo, ikiharibika narudisha kwako au natuma nje?" Risiti iandikwe namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), na uhakikishe inalingana na iliyo kwenye boksi na kwenye kibandiko chenyewe.

Ukishaifunga, rudia jaribio lilelile la Power kwa saa nzima, multimita ikiwa mahali pake. Ikizimika tena huku volti iko juu ya 11.40 na joto liko chini, pawa saplai mpya huenda haina kesi: kagua kama plagi ya 4+4 imeingia hadi mwisho, kisha ipeleke madabodi kwa fundi.