Chensoo ya kununua na ya kukodi: kabla ya kuuliza nguvu, uliza unene wa cheni

Matofali 34, mifuko mitatu ya saruji na siku mbili za fundi ujenzi. Hiyo ndiyo gharama ya cheni niliyouziwa Kariakoo mwaka jana, ukiacha pesa ya cheni yenyewe.

Tulikuwa Raskazone, hapa Tanga, tunapunguza mkwaju wa mzee mmoja mstaafu. Tawi lililobaki lilikuwa nene kama ngoma na limelalia ukuta. Kijana wangu wa juu akaanza kukata vizuri, nami niko chini nimeshika kamba. Mara nikaona mkato unapinda. Yeye anaelekeza kushoto, chuma kinakwenda kulia. Tawi likachanika upande mmoja, likazunguka badala ya kuteremka, ukuta ukalipokea. Mzee alikuwa kibarazani na kikombe chake cha kahawa. Hakusema neno, alikiweka chini tu. Nilipomwendea kumwambia, "Nisamehe mzee wangu, nitaujenga," akanijibu, "Najua utaujenga, binti. Nauliza ni lini."

Siku iliyofuata tulimaliza kwa kumlaumu mnoaji. Na si kwamba tulikosea kuanzia hapo, kwa sababu cheni ikinolewa zaidi upande mmoja, meno ya upande ule yakawa mafupi, mkato hupinda. Tukapima meno yote, yako sawa. Tukageuza bapa juu chini (bapa ni lile chuma refu ambalo cheni inazunguka pembezoni mwake), bado inapinda. Jioni fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu, ambaye hajawahi kukata hata mpapai, akaishika cheni kwa vidole viwili, akaitikisa, akasema, "Dada, hii inacheza."

Kweli ilikuwa inacheza, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Tangu nilipoisimulia habari hiyo, wasomaji wameniandikia malalamiko yaleyale: mashine mpya, inakata upinde, bapa linachemka mpaka linageuka rangi ya buluu, cheni inatoka kwenye njia yake. Wote walikuwa wameuliza nguvu ya injini, inchi za bapa na ulaji wa mafuta. Mambo hayo sitayagusa leo, yameandikwa kwenye boksi na muuzaji atakuimbia bila kuombwa.

Ninachotaka ukikariri ni unene wa vile vijino vya chini vya cheni, vinavyoingia ndani ya mfereji wa bapa. Kuna vya milimita 1.3, vya 1.5 na vya 1.6. Kati ya 1.5 na 1.6 tofauti ni kama unene wa karatasi moja ya daftari, huwezi kuiona kwa macho. Lakini cheni ya 1.5 ukiivalisha bapa la 1.6 italala upande, na ikilala upande itakata upande. Kwenye kuni haina madhara, utanuna tu. Kwenye kuangusha mti ni habari nyingine. Ule ukanda wa mti unaoubakiza bila kukata, ambao ni kama bawaba ya mlango na ndio unaouongoza mti kwenda unakotaka, unajikuta umeukata upande mmoja bila kujua. Mti hapo hausikilizi kamba wala dua.

Kinyume chake nacho nimekiona kwa macho yangu. Cheni ya 1.6 ilikataa kuingia kwenye bapa la 1.5, na muuzaji akachukua bisibisi na nyundo, akaanza kuupanua mfereji wa bapa jipya mbele yangu. "Itaingia tu dada." Niliondoka kabla haijaingia.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Zima injini, vaa glavu, shika jino moja la cheni katikati ya bapa, litikise kushoto na kulia. Chembe ya mchezo ni kawaida. Ikilala hadi unaona mwanga wa mfereji, iache hapohapo dukani. Halafu soma. Cheni za kampuni ya Stihl zina tarakimu iliyogongwa kwenye kijino cha chini: 3 ni 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6. Za kampuni ya Oregon zina namba ndefu kidogo. Kwa cheni za 3/8 (3/8 au .325 ni hatua ya cheni kwa inchi, yaani jinsi vijino vilivyoachana), 73 ni 1.5 na 75 ni 1.6. Na ukiagiza cheni usiseme "ya inchi 20", maana kila kampuni ina inchi zake. Hesabu vijino vya chini vyote, kimoja kimoja, uandike kwenye simu.

Sasa tupange foleni. Mimi ni mtu wa Stihl na sifichi. Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, na hadi leo wanatengeneza cheni zao wenyewe kwenye kiwanda chao cha Wil, Uswisi. Mashine, bapa na cheni vikitoka kwa mama mmoja, ugomvi wa 1.5 na 1.6 unapungua. Pili, wapasua mbao wengi wa huku kwetu, kuanzia walio jirani na mitiki ya Longuza hadi wa milimani Lushoto, wanatumia hizohizo. Kwa hiyo cheni ya 1.6 naipata hata nikiharibikiwa mbali na mjini.

Namba moja, ya kununua na si kukodi, ni Stihl MS 250. Injini ya sentimita za ujazo 45.4, uzito kilo 4.6 bila bapa na cheni, cheni ya .325 yenye unene wa 1.6, tupa ya milimita 4.8. Kwa mwarobaini, mjohoro, mwembe wa uani na mvinje wa ufukweni, inamaliza kazi nane katika kumi ninazopata. Wanaume wa kijiweni wanaicheka kwa udogo. Mwache mtu ashinde na mashine ya kilo saba mikononi mpaka saa kumi jioni, halafu uje umuulize tena kuhusu udogo.

Namba mbili ni ya juu mtini, MS 201 T, yenye mkono juu ya mgongo wake. Kilo 3.7, cheni ya 1.3, tupa ya milimita 4.0. Ni ghali kupita kiasi, nilinung'unika wiki nzima kabla ya kutoa hela. Nayo ina fitina yake: kwa kuwa imekaa kama ya kushikwa kwa mkono mmoja, vijana wanaishika kwa mkono mmoja, na ikirudi nyuma inarudi usoni. Kwangu anayeonekana anakata kwa mkono mmoja anateremka, na posho ya siku inapungua. Kama huna uwezo wa kuinunua, MS 180 itakusogeza, ingawa ina mkono wa nyuma na juu ya mti inasumbua kuigeuza.

Namba tatu, Husqvarna 365 au 372 XP. Nitasema haki: ni mashine nzuri sana, na wapo mafundi wanaoapa kwamba inaishinda MS 381, ile kubwa ya Stihl, kwa wepesi wa kuchangamka. Ila kwa kawaida huja na bapa la 1.5. Ukiishi mji ambao maduka yamejaza 1.6, umeoa mke ambaye ndugu zake wote wako ng'ambo. Ukiipenda, nunua cheni nne za ziada siku hiyohiyo, usiondoke na moja ukisema nyingine utatafuta. Hutaipata, utauziwa ya 1.6, na utakutana na bisibisi.

Zile za bei nafuu za sentimita za ujazo 52 na 58, zenye majina yanayobadilika kila kontena: za kuni za nyumbani, basi. Nyingi ni .325 ya 1.5.

Mashine kubwa usinunue kama kazi yako ni miti ya mjini. Kodi. Mkuyu wa kuhitaji bapa la inchi 25 unaupata mara tatu kwa mwaka, na mashine iliyolala stoo na petroli iliyochanganywa na oili ndani inaharibika kabureta kuliko inayofanya kazi. Ninayokodi ni MS 381, sentimita za ujazo 72.2. Wenye nazo ni wapasua mbao, na hapo uangalifu unaanza upya, kwa sababu cheni ya mpasua mbao imepita mikono mingi. Watakuletea pia Stihl 070 ile ya kizamani, ya sentimita za ujazo zaidi ya 100, kwa sifa kwamba "inakata hata reli". Hiyo haina breki ya cheni, na mtetemo wake utauhisi ukishika kijiko usiku. Ya kupasulia magogo yaliyolala chini, sawa. Kwangu haipandi kwenye gari.

Sasa wauzaji. Kwanza, huyu anayekuuliza "unataka ya HP ngapi?" kana kwamba unanunua gari la mashindano, ukimuuliza unene wa cheni anakujibu "ni universali hii". Hakuna cheni ya kila mashine, acheni. Pili, rangi ya chungwa na nyeupe, ile ya Stihl, imekuwa sare ya matapeli. Jina limekosewa herufi moja, bei imepungua nusu, na ukishangaa unaambiwa "hii ni ya Ujerumani ya kule Dubai". Tatu, bei ya dada. Nimeuliza cheni ya MS 250 kwa simu, nikatajiwa bei. Nikamtuma kijana wangu kesho yake duka hilohilo, akatajiwa bei iliyopungua kwa shilingi elfu kumi na mbili. Nikaenda mwenyewe na risiti yake mkononi. Yule bwana akasema bei imepanda tangu jana. Tangu jana! Bahari imekauka usiku?

Na oili. Mtu ametoa mamilioni kwenye mashine, halafu tangi la oili ya cheni analijaza oili chafu ya gereji kwa sababu ni ya bure. Ile imejaa unga wa chuma. Inakula pampu, inakula mfereji wa bapa, na mfereji ukitanuka hata cheni yako halali ya 1.6 itaanza kucheza. Wenye mashine za kukodisha ndio vinara wa mchezo huu, kwa hiyo unapokodi fungua tangi, chovya kijiti, uangalie rangi. Ikiwa nyeusi kama kahawa ya mzee wa Raskazone, jua bapa limeshaliwa.

Kuhusu vibali sina mengi: pita ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kununua, uulize habari za usajili wa msumeno, ujue pa kusimama.

Siku hizi nakodi injini peke yake. Bapa la inchi 25 ni langu, cheni yake ya vijino 84 ya 3/8 yenye unene wa 1.6 ni yangu, oili ni yangu, na tupa ya milimita 5.2 iko kwenye mkoba wangu wa begani pamoja na leso. Bapa hilo linaingia MS 381, na nikipata MS 660 linaingia vilevile. Mara ya kwanza nilipofika nalo Muheza limefungwa kwenye khanga, mwenye mashine aliita na jirani zake waje kuangalia. Nikafungua bapa lake nikampa, nikafunga langu mbele yao, nikaitikisa cheni, ikatulia. Akasema, "Mama, sasa kumbe unakodi nini?" Nikamwambia injini tu, kwa hiyo na bei iwe ya injini tu. Tulibishana hadi saa tatu na nusu.

Hakupunguza hata shilingi.