Friji ya Nyumbani Dar es Salaam: Tazama Gesi na Kivukizi Kabla ya Bei

Anayekwenda Kariakoo kununua friji huulizwa kwanza ukubwa na rangi, ilhali kinachogusa LUKU yake kwa miaka mingi ni gesi iliyomo na umbo la kivukizi, yaani sehemu ambamo gesi hiyo huchemka na kufyonza joto la chakula. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha friji; lisome kabla ya kulipa.

Ninaloliweka mbele ni friji mpya ya R600a yenye kivukizi cha mapezi na feni. R600a, ambayo ni isobutani, huchemka katika nyuzi 11.7 chini ya sifuri kwa shinikizo la kawaida la hewa, kwa hiyo kivukizi kikifika nyuzi 25 chini ya sifuri, shinikizo ndani yake huwa dogo kuliko la hewa ya nje. Kilo moja ikigeuka mvuke hufyonza takriban kilojuli 360, wakati R134a, gesi nyingine ya friji, hufyonza takriban 217, ndiyo maana gramu chache hutosha. Hita ya friji hii huyeyusha barafu ya kwenye kivukizi bila wewe kuigusa, jambo kubwa katika unyevunyevu wa pwani, kwa sababu barafu nene huzuia joto lisifike kwenye gesi.

Ya pili ni R600a yenye kivukizi cha bati, isiyo na feni wala hita. Ni nafuu na inamfaa asiyefungua mlango mara kwa mara, mradi aiyeyushe barafu mapema.

R134a ni ya tatu. Haiwaki moto, lakini ikivuja huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,400 ya kaboni dioksaidi ya uzito uleule, na Marekebisho ya Kigali, makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016, yanapunguza matumizi ya gesi za jamii yake.

Ya mwisho kabisa, ambayo sishauri mtu ainunue, ni mtumba uliobadilishwa gesi. Mvuke wa shinikizo dogo huchukua nafasi kubwa, hivyo kompresa ya R600a, yaani pampu inayozungusha gesi, hutengenezwa ivute ujazo mkubwa zaidi. Ukiijaza R134a, inaelemewa. Tena, tundu kwenye kivukizi cha R600a huweza kuvuta hewa na unyevu ndani, na hitilafu hiyo ni ngumu kuigundua. Fundi anayejaza R600a bila mizani, au anayechomelea mabomba ambayo bado yana gesi hiyo inayoweza kushika moto, asiruhusiwe kuigusa friji yako.

Kwenye kibandiko hichohicho tafuta pia herufi ya tabianchi: N imekusudiwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST 38, na T 43. Kwa jiko la Dar es Salaam mwezi Februari, chukua T.