African Storybook kwa mzazi anayefundisha nyumbani: maktaba nzuri, ngazi za kuangaliwa mara mbili

Mzazi anayemfundisha mtoto wa miaka minne hadi saba kusoma Kiswahili nyumbani hukwama mapema kwenye vitabu. Silabi atazifundisha mwenyewe kwa chaki na kipande cha ubao. Lakini mtoto akishaelewa ma me mi mo mu anataka kitu cha kusoma, na kitabu kimoja cha darasa la kwanza hakimfikishi mbali: akikirudia mara ya tatu hasomi tena, anaimba. Anahitaji vijitabu vingi, vifupi, vyenye picha, na visivyogombania pesa na unga na gesi. Kwa haja hiyo, African Storybook ni mahali pa kwanza pa kutazama, ili mradi ujue inapokosea.

Ni maktaba ya mtandaoni ya hadithi za picha, iliyoanzishwa na Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, na kufunguliwa mwaka 2014. Kazi ya mwanzo ilifanyika Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ndiyo maana hadithi nyingi zina mbuzi, mtungi, njia ya shambani na bibi mwenye ndizi, badala ya theluji. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nyingi za Afrika zilizomo. Kusoma na kupakua ni bure na hakuhitaji akaunti. Akaunti utaitaka ukitaka kutunga, kutafsiri au kubadilisha hadithi. Kwenye kila hadithi pana taarifa za mtunzi, mchoraji, mfasiri na leseni. Nyingi zina leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kubadilisha kwa sharti la kuwataja waliozitengeneza, chache zinakataza biashara. Soma mstari huo kabla ya kuchapa nakala za kuuzia majirani.

Sasa kasoro kubwa. Hadithi zimepangwa katika ngazi tano: maneno ya mwanzo, sentensi za mwanzo, aya za mwanzo, aya ndefu zaidi, na hadithi za mtoto kusomewa. Kipimo kikuu ni wingi wa maandishi katika ukurasa. Kipimo hicho kinafaa lugha yenye maneno mafupi. Kwa Kiswahili kinapotosha, maana neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. Hadithi ikipita kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili maneno yake hupungua, lakini kila neno hurefuka, na ngazi inabaki ileile.

Chukua ukurasa wenye neno moja tu: Wakamkimbilia. Wa-ka-m-ki-mbi-li-a, silabi saba, na ndani yake kuna m inayosimama peke yake na mbi inayotamkwa kwa mkupuo mmoja. Kisha chukua ukurasa wenye maneno matatu: Baba anakata kuni. Ni silabi nane, lakini kila moja ni konsonanti na irabu au irabu tupu, na neno refu kuliko yote lina nne. Mtoto aliye mwezi wa pili wa kujifunza silabi atausoma wa pili bila msaada, na wa kwanza atakwama katikati, asahau alipoanzia, kisha atazame picha na kubahatisha. Kwa hesabu ya maneno, ule wa kwanza ndio rahisi.

Kwa hiyo usichague kwa ngazi. Fungua hadithi, tazama kurasa tatu za katikati (za mwanzo huwa nyepesi kuliko zinazofuata), na tafuta maneno yenye silabi zaidi ya nne. Likiwepo moja katika kurasa zote tatu, mpe asome. Yakiwepo katika kila sentensi, hicho ni kitabu cha kumsomea wewe, hata kama kimewekwa ngazi ya kwanza. Pia angalia wakati wa vitenzi. Hadithi za "anapika, anafua, analala" ni za kuanzia. Zenye "alipokuwa, hawakuwa, wakamwambia" zisubiri. Akishaanza kusoma peke yake, kadiria hivi: akishindwa maneno mawili katika ukurasa mmoja, kitabu kirudi rafuni kwa mwezi mmoja.

Mambo mawili ya sauti yasahihishwe kabla ya kugusa hadithi za wanyama, ambazo ndizo watoto huzikimbilia. La kwanza ni m na n mbele ya konsonanti. Katika mtoto, m ni silabi: m-to-to. Katika mbuzi, mb hushikana: mbu-zi. Halafu anakuja mbu, ambaye kwa kuwa ni neno fupi hutamkwa m-bu. Mtoto aliyefundishwa kanuni moja tu atasoma "mu-buzi". Usimweleze kanuni, mpe maneno sita ya kila aina, ayasome huku akipiga makofi kwa kila silabi. La pili ni ng'. Wengi huiacha mwisho kwa sababu ni ngumu kuandika, kumbe ng'ombe yumo katika hadithi nyingi za kijijini. Ifundishe pamoja na ng ya ngoma, siku moja, zikiwa zimeandikwa sambamba.

Ubora wa Kiswahili chenyewe haulingani. Maktaba inapokea hadithi kutoka kwa yeyote mwenye akaunti, na zilizopitiwa na waandaaji zimetofautishwa na zile za watumiaji. Anza na zilizopitiwa. Hata humo utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania vikichanganyika, jambo lisilo na madhara: mtoto wa Tabora hadhuriki kwa kujua kwamba penseli kwingine ni kalamu ya risasi. Kinachodhuru ni upatanisho mbovu, "kitabu yangu" na ndugu zake. Kisome kijitabu chote kwanza, ni dakika mbili.

Kusomea kwenye simu au kuchapa? Kwa mtoto wa umri huu, chapa. Kuna programu ya Android iitwayo African Storybook Reader inayohifadhi hadithi ili zisomwe bila intaneti, na ni msaada mzuri safarini, kwenye foleni ya kliniki, au umeme unapokatika na simu ina chaji. Tatizo ni simu yenyewe. Ujumbe unaingia, mtoto anagusa, na sekunde tano baadaye yuko kwenye video. Ukilazimika, zima data na tumia kipengele cha Android cha kufungia programu moja kwenye skrini, kinachopatikana upande wa usalama katika mipangilio. Lakini kidole cha mtoto kinachofuata silabi kwenye karatasi hakifungui kitu, na karatasi inavumilia uji.

Kuchapa kuna ujanja wake, na hapa ndipo pesa hupotea. Ukipeleka PDF steshenari bila maelezo utachapiwa kila ukurasa kwenye A4 yake, upande mmoja: hadithi ya kurasa 16 itakula karatasi 16. Omba kijitabu. Karatasi moja ya A4 ikichapwa pande mbili na kukunjwa inatoa kurasa nne za A5, hivyo kurasa 16 ni karatasi nne. Adobe Reader ya kompyuta ina chaguo la kijitabu kwenye dirisha la kuchapa, na yenyewe hupanga kurasa. Ikiwa idadi haigawanyiki kwa nne, zitabaki tupu mwishoni: 14 zinaacha mbili, ambazo mtoto atachorea na kuandika sentensi yake. Mtumie mwenye mashine faili kama hati, si picha ya skrini, la sivyo maandishi yatatoka na ukungu.

Mwambie jambo moja zaidi: karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zote zinatoka kichwa chini, na utajua baada ya kulipa. Achape karatasi moja, uikunje hapohapo, ndipo aendelee. Kumbuka pia kwamba A4 ikibanwa kuwa A5 herufi hushuka hadi takriban asilimia 70 ya ukubwa wake. Hadithi za sentensi moja kwa ukurasa hazidhuriki. Zenye aya ndefu huwa ndogo mno kwa msomaji mchanga, lakini hizo unamsomea wewe, kwa hiyo haidhuru.

Rangi si lazima. Chapa nyeusi inatosha ikiwa picha ni za mistari. Zilizojazwa rangi nzito hugeuka madoa meusi, na uso wa mhusika unapotea, jambo baya kwa sababu mtoto hupata nusu ya maana usoni. Tafuta michoro myepesi, au lipia rangi kwa jalada pekee.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Mkono wake ni mfupi kuliko sentimita 15 zinazohitajika. Ifungue iwe bapa, weka karatasi juu ya boksi la katoni, piga pini mbili kwenye mkunjo, kisha kunja ncha zake kwa mgongo wa kijiko. Au shona: matundu matatu kwa sindano, ingia tundu la kati, toka juu, ruka hadi chini, rudi kati, funga. Uzi hauna ncha ya kumchoma mdogo anayetia kila kitu mdomoni, kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja ishone. Selotepu pana kwenye mgongo inaongeza maisha ya kijitabu. Ukizidisha karatasi sita za gramu 80, mkunjo unavimba na kijitabu hakilali.

Ratiba inategemea nyumba. Dakika kumi na tano baada ya chai ya asubuhi, kabla maji hayajabandikwa, zina faida kuliko saa nzima ya alasiri mtoto akiwa na usingizi na wewe una nguo kambani. Siku zinazobana, mkubwa akae mlangoni mwa jikoni asome kwa sauti huku wewe unachambua mchicha. Hatari yake ni kwamba huoni ukurasa, na vijitabu vya ngazi za chini hurudia umbo lilelile la sentensi, kiasi kwamba mtoto mwerevu hukikariri chote kwa kusikia mara mbili. Kumpima ni rahisi. Mwambie aanze ukurasa wa mwisho arudi nyuma, au afunike picha kwa kiganja, au umtajie neno moja alionyeshe kwa kidole. Akishindwa yote matatu, alikuwa anaghani.

Mdogo wa miaka miwili asifukuzwe. Mpe kijitabu chake cha maneno ya mwanzo, kilichochapwa kwenye karatasi ngumu, na mkubwa amsomee. Kumsomea mdogo humlazimisha mkubwa kusoma polepole kuliko onyo lolote la mama. Dada anayesaidia kazi za nyumbani naye aonyeshwe namna ya kusahihisha, ambayo ni moja tu: asimtajie neno, afunike sehemu ya mwisho kwa kidole, mtoto asome silabi moja moja, kisha azitamke pamoja.

Usiifanye mtaala. African Storybook haina mfuatano wa silabi, haina mazoezi ya kuandika, na vitabu vyake vya namba ni hadithi za kuhesabu tu. Kati ya zile K tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, inakusaidia moja, tena nusu yake ya pili: mazoezi baada ya silabi kueleweka. Mfuatano uchukue kwenye kitabu cha kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada vya kusomwa bure. Akili and Me, kipindi cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam, inafaa kwa sauti za herufi na namba kwa wa miaka mitatu hadi sita, lakini ni katuni, mtoto anatazama na kuimba. Ipangie muda wa wewe kuoga au kumnyonyesha mdogo, isiwe kipindi cha kusoma. Programu zilizofundisha silabi kwa mpangilio hasa ni zile za Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, zilizojaribiwa kwa Kiswahili vijijini mkoani Tanga. Ushindi wake uligawanywa mwaka 2019 kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School. Misimbo ya programu hizo iliachwa wazi kwa umma, ila kuisimika kwenye kishikwambi kutoka huko ni kazi ya fundi. Na kwa familia za Kiswahili zilizo ng'ambo, kwa mfano Ujerumani, ambako sheria inamtaka kila mtoto aende shule, vijitabu hivi ni vya jioni na Jumamosi, kuwalinda watoto wasipoteze Kiswahili.

Kipengele ambacho wazazi wengi hawakigusi ndicho kinachotibu kasoro ya ngazi: kubadilisha hadithi. Fungua akaunti, chagua hadithi yenye picha nzuri na maneno mazito, tengeneza toleo lako. "Wakamkimbilia" iwe "Watoto wanakimbia." "Alipowasili nyumbani" iwe "Juma yuko nyumbani." Picha hazibadiliki, mtoto anapata kitabu cha kiwango chake, na miezi mitatu baadaye unamchapia lile la asili, ambalo atalifungua akiwa tayari anajua kisa. Kazi ni ya nusu saa watoto wakiwa wamelala. Majina ya mtunzi na mchoraji yabaki kwenye ukurasa wa mwisho, maana leseni itayadai siku kijitabu kitakapoazimwa na jirani.