Mawakala wawili: mmoja kanila, mmoja kanifaa

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Ngamiani, Tanga. Huku ukisema unaandika riwaya, lazima mtu akukumbushe kwamba hapa ndipo nyumbani kwa Shaaban Robert, kisha akuulize yako imetoka lini. Miaka minne sikuwa na jibu.

Nikatafuta wakala wa vitabu, yaani mtu wa kumtafutia mwandishi mchapishaji na kumsimamia mkataba. Wa kwanza nilimpata kwa simu, kupitia jamaa wa jamaa. Alitaka shilingi 350,000, eti ada ya kusoma mswada. Nikatuma. Baada ya wiki mbili ikaja ripoti ya kurasa mbili, sifa tupu, na kilichomvutia zaidi ni "mandhari ya Unguja". Riwaya yangu inatokea shamba la mkonge upande wa Pangani. Bahari yenyewe haionekani mpaka sura ya tisa! Nilipompigia akasema amechanganya mafaili, na kwamba nikiongeza 200,000 mswada utafikishwa kwa wachapishaji watano. Hizo sikutuma. Zile za mwanzo nimeshazisamehe, ingawa mke wangu bado.

Nilikuwa sijui wakala anakula wapi. Wakala wa kweli halipwi kusoma. Anakata asilimia kwenye kile kitabu kinachokuingizia: Uingereza na Marekani kawaida ni 15, na 20 kwa haki za tafsiri zinazouzwa nje. Kitabu kisipouzwa, mnalala njaa wote wawili. Na kwa kitabu cha Kiswahili hapa nchini, wachapishaji wengi wanapokea mswada kutoka mkononi mwa mwandishi mwenyewe. Basi nikapeleka mwenyewe, na wa tatu akakubali.

Sasa wakala wa pili wa nini? Mkataba, jamani. Kurasa sita, na kalamu nilikuwa nimeshaishika. Binamu yangu akanikutanisha na dada mmoja wa Nairobi anayefanya kazi hiyo. Jibu lake la kwanza: "Mwalimu, usitie saini. Nipigie picha ukurasa wa tatu."

Ukurasa wa tatu ulisema mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 ya mapato halisi ya mchapishaji. Mimi nilisoma 10 nikafurahi. Akanipigia hesabu. Kitabu kinauzwa 15,000 dukani. Duka likikichukua kwa punguzo la asilimia 40, kwa mchapishaji inaingia 9,000, na yangu hapo ni 900. Asilimia 10 hiyo hiyo ikihesabiwa kwa bei ya jalada, ile 15,000 ya dukani, ni 1,500. Akikata 15 zake, mimi nabaki na 1,275. Yaani hata baada ya kumlipa, namzidi yule mimi ambaye angetia saini peke yake.

Chini yake palikuwa na kifungu kingine: haki zote, lugha zote, kwa muda wote wa hakimiliki. Kwa sheria yetu muda huo ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nina miaka 44. Pale nilikuwa nawafunga wajukuu ambao hawajazaliwa. Dada akaurekebisha mkataba: akamwachia mchapishaji toleo la Kiswahili la karatasi tu, na kitabu kikiisha sokoni miezi 12 bila kuchapwa tena, haki zinarudi kwangu. Mchapishaji alinuna siku kumi, kisha akakubali. Mambo ya ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, aliyamaliza mwenyewe na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Dada huyu naye ana yake. Barua pepe anajibu baada ya wiki tatu, na ukimkumbusha anakuwa mkali. Mrabaha unapitia kwenye akaunti yake kwanza, ndivyo kazi hii ilivyo, lakini kuvuka mpaka benki inamega, na kumega huko nabeba mimi. Taarifa ya kwanza ya mauzo niliipata kwa kuomba mara mbili. Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa hayo.

Riwaya imetoka. Sura tatu za tafsiri ya Kiingereza anazitembeza London, na juzi kanitumia barua ya tisa ya kukataliwa, na chini yake ameandika "bado". Jana usiku nimempelekea mswada wa pili.